Matone Matatu ya Mpole

Nyumbani, mlango wa kijani,
nyuma ya kibanda cha fundi vyerehani,
Jumanne, tarehe 12 mwezi wa tisa, saa nne asubuhi.

Mpendwa mwanangu, kifungua mimba wangu,

Salamu zangu zikufikie huko kambini zikukute salama, miguu isiwe imevimba kwa kusimama, mikono isiwe imeungua na masufuria ya watu mia. Hujambo mwanangu? Unalala usingizi? Unakula na wewe, au unapakulia wanaume mpaka sufuria inabaki kavu ndipo unakumbuka tumbo lako? Na hilo vumbi la barabara mnayojenga linakuachia pumzi? Ukinijibu nijibu na hayo, usinirukie. Mimi sijambo. Nasimama, natembea, nashukuru.

Baba yako hajambo, anakusalimu sana. Mgongo ni ule ule. Amekaa hapa mbele yangu kwenye kigoda chake cha kazi, vyerehani vitatu vya watu vimepangwa mlangoni vinangoja, naye hajashika bisibisi tangu Jumapili. Shangazi yako hajambo, anakusalimu, ila siku hizi analala kwa jirani, nitafika huko. Mdogo wako hajambo, amemaliza mtihani wa ualimu, anasema safari hii maswali ndiyo yaliyomwogopa yeye. Jirani fundi umeme na mkewe hawajambo. Hata paka mwizi hajambo, amezaa tena ndani ya sanduku la nyuzi, watoto wanne, na baba yako amekataza wasiondolewe.

Ni mwanao tu sijamtaja, na najua macho yako yameshakimbia mistari yote kumtafuta. Karatasi hii ni ya tatu. Zile mbili nilifika kwenye paka nikakwama.

Mwanao yu hai. Lishike hilo kwa mikono miwili kabla hujasoma mbele. Yu hai, ananijua, jana alinivua kitambaa cha kichwa akakitupa chini, kisha akakinyooshea kidole nimwokotee. Lakini yuko hospitali, leo siku ya kumi na tisa, anavuta hewa ya mtungi kwa mpira wa puani. Na aliyemfikisha hapo ni mimi.

Kaa chini, mwanangu. Hao wajenga barabara wale mkate mkavu leo.

Najua simu haishiki huko mliko. Na hata ingeshika, nisingeweza kulisema hili nikisikia pumzi yako. Kofia, yule dereva wa lori linalowaletea vyakula, anapita hapa saa kumi leo. Amenambia kesho yuko kwenu, Alhamisi anageuza, Ijumaa asubuhi yuko mjini. Kwa hiyo nina mpaka saa kumi nikueleze yote, nawe una usiku mmoja wa kunijibu. Sasa nisikilize, nitakwenda pole pole, maana nikikimbia nitaruka yaliyo mabaya.

Unayakumbuka mafuta ya baba yako, yale meupe kama maji ya kisima, ya dumu la lita tano. Ninyi wenyewe mkiwa wadogo mliyabatiza jina Mpole. Mlisema hayanuki, hayana ladha, hayaozi, hayagombani na mtu. Baba yako huwaambia wateja mpaka leo: ukitia mafuta ya kula kwenye cherehani, mwezi mmoja tu yameganda, yananata, na vyuma vimeshikana kama wake wenza. Lakini haya, anasema, hayakutoka kwenye mbegu wala kwa mnyama. Yamechimbwa chini ya ardhi, ni ndugu wa dizeli na wa mafuta ya taa, na hata lami yenu huko ni ukoo mmoja, ila haya yamechujwa na kuchujwa mpaka yakasahau kwao. Jua haliyaharibu. Hayachanganyiki na maji. Chuma kikipakwa hakishiki kutu.

Na sisi hapa nyumbani tukayafanya ndugu. Mkasi ukikaza, Mpole. Bawaba ya mlango ikilia, Mpole. Ubao wa kukatia nyama ukianza kupasuka, Mpole, maana mafuta mengine yangeoza ndani ya mti yakanuka. Nta ikiziba sikio la shangazi yako, matone mawili, alale ubavu. Visigino vyangu. Ngozi ya mtoto akitoka kuoga, na hata yale ya dukani ya vichupa vya watoto, baba yako alikwisha kutuambia, ni Mpole huyo huyo amepakwa manukato na kupandishwa bei.

Na pua.

Bibi yako, mama mkwe wangu, ndiye aliyenifundisha nilipoingia nyumba hii nikiwa bibi harusi sijui hata kukoroga uji. Mtoto pua ikimkauka au ikimziba, mlaze chali, tone tatu kulia, tatu kushoto, atalala. Wewe nilikutia. Mdogo wako nilimtia. Mkalala, mkakua, mkaja kunipigia kelele kwa mapafu mazima. Kitu ambacho kimekulelea watoto wawili utakitiliaje shaka?

Ulipoondoka mwezi wa sita, vumbi lilikuwa limeanza hata hapa. Somo yangu, maana mwenyewe ulimpa jina langu na mimi kwa furaha nikajiona nimezaliwa mara ya pili, akaanza mafua ya kumliza. Pua ikamziba, chuchu ya chupa hashiki, anaachia anavuta pumzi, anashika tena, analia. Nikachukua kile kichupa cha dawa ya macho kilichokwisha, baba yako akakiosha, akakijaza. Tatu kulia, tatu kushoto, mchana kabla hajalala na jioni kabla hajalala. Na kweli akalala, mwanangu. Nikikwambia alilala ujue alilala. Sasa kila aliyepata usingizi, nani anamwachisha? Nikaendelea. Wiki ikawa mwezi. Mafua yalikwisha lakini mkono ulikuwa umezoea, na yeye alizoea, akikiona kichupa anatabasamu anainua kidevu mwenyewe. Hicho kidevu ndicho kinachoniua.

Mwezi wa nane akaanza kuchoka. Kikohozi kidogo, kikavu, si cha kuogofya. Ila alianza kupumua upesi upesi hata akiwa amekaa tu, kama mtu aliyepanda ngazi. Chakula akakataa. Zahanati wakatupa dawa ya maji ya siku saba. Hakupata nafuu. Tukaenda hospitali kubwa, wakampiga picha ya kifua, wakasema nimonia, wakatulaza. Sindano siku kumi. Joto halishuki, pumzi haishuki.

Daktari wake ni binti wa umri wako hivi, ana sauti ya chini na viatu vya raba. Siku ya kwanza aliniuliza, "Mama, kuna dawa yoyote mtoto anapewa nyumbani?" Nikamjibu hakuna. Na hapo, Mungu ni shahidi, sikusema uongo. Mpole si dawa. Mpole ni mafuta ya cherehani. Ungeniuliza unampa nini puani ningekwambia papo hapo, lakini nani anauliza hivyo?

Na lingine nilitapike moja kwa moja. Kichupa nilikwenda nacho wodini, kwenye kikapu, pamoja na kanga na kijiko. Ule mpira wa hewa unamkausha pua, nikamwonea huruma. Mchana nikimlaza, tatu kulia, tatu kushoto. Sikujificha. Wauguzi walipita wakaniona ninamfuta pua mtoto kama bibi yeyote. Wao wanamchoma sindano mkono huu, mimi namjaza kifua mkono huu.

Sindano ziliposhindwa, wakaanza kufikiria kifua kikuu. Wakauliza nani nyumbani ana kikohozi cha muda mrefu. Wote tukamgeukia shangazi yako, na kikohozi chake cha miaka, kile cha kukoroma kama injini. Hakungoja kuambiwa. Siku ile ile alikusanya kikombe chake, sahani yake na mto wake, akahamia kwa jirani, akawa anakunywa chai kwenye kopo ili asichafue vyombo vya watu. Akija kumtazama mtoto anasimama mlangoni, kitambaa mdomoni, anapunga mkono.

Sasa, kwa kipimo hicho cha kifua kikuu, mtoto mdogo hawezi kutema makohozi, huyameza, basi wanayavuta tumboni kwa mpira asubuhi hajala. Alhamisi iliyopita mtu wa maabara alikuja mwenyewe wodini, kibomba cha kioo mkononi, akakielekeza dirishani. "Bibi, huyu mtoto anakula mafuta gani?" Nikamwambia anakula uji na maziwa, siku njema yai. Akatikisa kichwa. Juu ya yale maji ya tumbo palikuwa na duara, linang'aa, limeelea kama jicho la samaki. Nikaliangalia, na bado sikuelewa.

Ijumaa asubuhi nilirudi nyumbani kufua. Geti lilikuwa linalia. Nikachukua chupa ya Mpole kwenye rafu nipake bawaba, beseni la maji liko chini yangu, tone likanidondoka. Nikainama. Lile jicho likawa linanitazama.

Mwanangu, sikulia. Niliketi kwenye jiwe la kufulia, nguo zikalowa mpaka mchana.

Na bado ubaya wangu haujafika. Alasiri niliporudi wodini, daktari aliniuliza tena, kwa upole, akiwa amechuchumaa mbele yangu. "Mama, fikiri vizuri. Mafuta, samli, kitu cha kulainisha, chochote kinywani au puani?" Shangazi yako alikuwa pale mlangoni na kitambaa chake. Nikasema hakuna. Hapana ya kwanza ilikuwa ya ujinga. Hii ya pili nilikuwa najua. Nilimwangalia wifi yangu machoni, anayenywea chai kopo kwa ajili ya kosa langu, nikasema hakuna.

Usiniulize kwa nini. Nilidhani nikipata njia ya kuyatoa kwanza, nitasema baadaye, na yatakuwa madogo.

Basi Jumamosi yote nikazunguka mji kama mwizi, kuwauliza watu wanaoyatumia yanatolewaje yakiingia pasipotakiwa. Sikusema ni wapi.

Nilianza kwa dobi. "Mafuta ya cherehani, mama? Hayo rahisi. Maji ya moto, sabuni, na kusugua kama unamdai."

"Na kama kitambaa hakisuguliki?"

"Kisichosuguliki hicho si kitambaa, mama, ni mgonjwa," akacheka yeye na wenzake wote. Nikacheka nao. Nilicheka, mwanangu.

Fundi magari akanambia mafuta hutolewa na nduguye, nimwagie petroli au mafuta ya taa yatakimbia yenyewe. Mwoka mikate, yule mnene, mashine yake ya kukata unga uliokandwa hupakwa mafuta ya jamii hiyo, yaliyosafishwa kwa ajili ya chakula, ili donge lisinate. Yeye alinipa moyo kidogo. "Mbona mimi nayala kila siku kidogo kidogo kwenye mkate? Yanaingia huku yanatokea kule. Nitazame, nimekonda?" Nikarudi nusu ya njia nikijiambia kumbe si sumu, yatatoka yenyewe. Kisha nikamkuta jirani yetu fundi umeme anashuka ngazini. Nikamuuliza na yeye. Akanionyesha lile sanduku la umeme juu ya nguzo, akasema ndani yake limejaa binamu ya mafuta hayo, yanalipoza lisiungue.

"Yanakaa muda gani?"

"Ah, mama mkubwa, hayo ndiyo uzuri wake. Miaka ishirini. Hayaozi, hayakauki, hayaendi popote."

Nikamshukuru, nikaondoka.

Jumapili asubuhi nilimfuata daktari kwenye meza yake, nikaweka kichupa mbele yake, nikasema ni mimi. Sikuweza kusema zaidi ya hapo. Alikifungua, akanusa, hakupata harufu. Akaweka tone kwenye kidole akalisugua. Hakunifokea. Laiti angenifokea. Aliniuliza matone mangapi, mara ngapi, tangu lini, akaandika, na kila alipoandika nikaona kalamu inakwenda kwa mwendo ule ule wa kawaida, nikamshukuru kwa hilo.

Aliyonieleza nakuandikia kama nilivyoyashika. Mafuta yenyewe si sumu. Hata wao wanayo wodini, wanapaka ngozi kavu, na mtu mzima aliyefunga choo huweza kupewa kijiko akiwa amekaa wima. Tumbo haliyasagi, yanapita yalivyoingia, yanatelezesha mambo. Kosa ni mlango. Maji yakikosea njia, mtoto anapaliwa, anakohoa, anayatoa. Haya hayachomi, hayanuki, hayana ladha, hata koo halishtuki. Akasema, "Mlinzi yuko mlangoni, bibi, lakini hakuona mtu akipita." Kwa hiyo kila nilipomlaza chali, tone moja moja lilishuka pole pole mpaka kwenye mapafu, na yeye amelala anatabasamu. Na yakishafika, mwili hauna kisu cha kuyakatia. Samli ungeisaga. Haya, askari wadogo wa kifuani wanayameza, yanawashinda, wanakufa, yanamwagika tena, wanakuja wengine. Huko kufa kwao ndiko homa, ndiko kikohozi.

Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Methali hiyo nimewatisha nayo watu maisha yangu yote. Kumbe simba nilikuwa nambeba kwenye kikapu, nampeleka mwenyewe.

Nilipotoka kwa daktari nilikwenda kwa shangazi yako nikapiga magoti. Akasema, "Wifi, kumbe wiki nzima nimeungua midomo na kopo bure." Akanishika bega. Lakini hajarudi nyumbani. Anasema atarudi siku mtoto anarudi, wataingia mlango mmoja. Sijui kama ni mapenzi au ni adhabu, na sina uso wa kumuuliza.

Baba yako nilimwambia mbele ya mdogo wako. Akanyanyua lile dumu akatoka nalo uani, akasimama nalo. Nikamwona anatafuta pa kumwaga. Kwenye mfereji yataelea, kwenye shimo hayataoza, kwenye moto hataki. Akazunguka nalo uani mara mbili, akarudi nalo ndani akaliweka pale pale. "Hata kumwagika hayamwagiki," akasema. Baadaye sana akaongeza, "Kichupa nilikijaza mimi." Mwanangu, ukigawa lawama, mgao wa baba yako mwongezee mama yako. Yeye alijaza alichoombwa.

Sasa ninalokuombea jibu.

Matone yamekoma, na daktari anasema watoto wengine, yakikoma, kifua hujisafisha chenyewe kwa miezi. Lakini wa kwetu amechoka, na hewa ya mtungi haipungui. Jumatatu ijayo anakuja bingwa wa mapafu, huja mara moja kwa miezi miwili. Anaweza kumwosha. Wanamlaza kwa dawa ya usingizi, wanapitisha mrija, wanatia maji ya chumvi ya vuguvugu kwenye pafu moja wanayavuta yatoke na mafuta, kisha siku nyingine pafu la pili. Nilimuuliza daktari wazi, anaweza asiamke? Akanijibu wazi, anaweza, si wengi, lakini ni mdogo na ni dhaifu, na kumwacha nako kuna hatari yake. Ungekuwa wako, nikamuuliza, ungefanyaje? Akanyamaza, kisha akasema angemwosha. Ninakuandikia alivyonyamaza pia, ili usije ukasema nilikuficha.

Karatasi ya ruhusa iko ndani ya bahasha hii. Mdogo wako amekuwekea alama ya penseli pa kutia sahihi. Kuna pa kukubali na pa kukataa, soma mwenyewe, usitazame alama iko wapi. Baba yake mtoto tulimtafuta, na kama unavyojua, kumtafuta huyo ni kufukuza kivuli. Daktari anasema mlezi naye anaruhusiwa kusaini. Nilipewa kalamu juzi. Vidole vilinigoma. Hivi ndivyo vidole vilivyobonyeza kile kichupa, mwanangu, na mara zote vilikuwa na uhakika.

Lakini sikiliza. Kofia asiporudi Ijumaa, lori likiharibika, mvua ikikata hiyo barabara yenu, sitamwacha mtoto apoteze zamu yake kwa sababu mimi naogopa. Jumapili jioni nitasaini. Na likitokea la kutokea, utanijia mimi, si daktari, si shangazi yako, si baba yako. Nimeona ulijue hilo kabla.

Ukiweza kuja, njoo na lori. Usipoweza, usijilaumu, kazi ile ndiyo inayolipia wodi. Sikuombi unisamehe. Usipoteze karatasi kwa hilo. Najua utataka kuniandikia maneno mazuri kwa sababu una moyo wa bibi yako, au maneno makali kwa sababu una ulimi wangu. Yote yaweke. Niandikie tu ndiyo au hapana.

Nisalimie wale wenzako wa jikoni, yule mama mkata kuni na yule msichana anayekuogopa. Mwambie Kofia asiendeshe kwa mbwembwe. Hapa baba yako, mdogo wako, shangazi yako akiwa kwa jirani, na jirani wenyewe, wote wanakusalimu, na mwanao anakusalimu kwa namna yake: nilimwonyesha picha yako jana akailamba. Mungu akutangulie njiani na abaki nyuma yako, akuache na mwanao mkononi kama alivyokupa. Nakupenda, na mikono hii hii iliyokosea ndiyo inayoandika.

Ni mimi mama yako, wako kwa kila hali.

Nafungua tena bahasha, Kofia anapiga honi nje. Baba yako sasa hivi amehesabu chupa za Mpole kwenye rafu, akaona mbili, akaniuliza ya tatu iko wapi. Mwanangu, begi lako nililifunga mimi. Chini, ndani ya soksi ya kijivu, nilikutilia chupa ya Mpole kwa ajili ya hilo vumbi, nikakwambia pua ikikauka ulale chali, tatu kulia, tatu kushoto, kama nilivyokuzoesha. Usitie. Kama umekuwa ukitia, nenda kwa mganga wa kambi leo umwambie, usione haya kama mimi. Iliyobaki paka buti zako, paka bawaba za jiko, popote pasipo na pumzi. Nijibu mawili basi: la mtoto ndiyo au hapana, na la chupa, kwamba hukutia au ulitia. Mpe Kofia mkononi. Ijumaa tangu alfajiri nitakuwa nimesimama getini.